Alama ya Ukoo na Herufi Moja: Protini ya S12 katika Ripoti ya Mgonjwa wa Kifua Kikuu

Katika ripoti za usomaji wa jenomu ya bakteria wa kifua kikuu hutokea mstari mfupi ambao macho ya wengi huupita upesi: rpsL K43R. Kitabibu mstari huo una uzito mkubwa, kwa kuwa unamaanisha kwamba bakteria waliopatikana katika makohozi ya mgonjwa ni sugu kwa streptomaisini. Lakini protini hiyohiyo iliyobadilika ikipelekwa kwenye programu ya kompyuta inayotambua familia za protini, programu itajibu bila kusita kwamba hiyo ni protini ya S12 ya ribosomu, mwanafamilia halali, alama yake ya ukoo imetimia. Majibu yote mawili ni ya kweli. Tatizo ni kwamba mara nyingi jibu la pili huchukuliwa kana kwamba limebeba la kwanza: protini ikishatambuliwa, inadhaniwa kuwa imeshaeleweka. Dhana hiyo ni potofu, na anayelipa gharama yake ni mgonjwa.

Ribosomu ni karakana ndogo iliyomo ndani ya kila seli hai, ambamo ujumbe wa jeni husomwa na kugeuzwa kuwa protini. Karakana hiyo imejengwa kwa RNA pamoja na protini nyingi. Katika bakteria aitwaye Escherichia coli, sehemu ndogo ya ribosomu ina protini 21, zilizopewa majina S1 hadi S21, na sehemu kubwa ina zaidi ya 30. Katika seli ya binadamu jumla yake ni 80. Baadhi ya protini hizi ni za kale mno. Zilikuwapo kabla nasaba ya bakteria na nasaba iliyomzaa binadamu hazijaachana njia, na kwa hiyo nduguze zinapatikana hadi leo katika mgomba, katika mbu, katika chachu ya mkate na katika ini la mtu. S12 ni mojawapo.

Ndugu hao hutambuliwaje? Kila protini ni mnyororo wa asidi amino, na kila asidi amino huandikwa kwa herufi moja kati ya 20. S12 ya bakteria wa kifua kikuu ina herufi 124. Protini za familia hii kutoka viumbe mbalimbali zikipangwa mstari chini ya mstari, nafasi nyingi hutofautiana, ila kipo kipande kifupi ambacho mabilioni ya miaka hayajakigusa kwa kiasi kikubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Amos Bairoch wa Geneva, Uswisi, alianza kukusanya vipande vya namna hiyo katika hazina ya data iitwayo PROSITE. Ruwaza ya familia ya S12 katika hazina hiyo ina nafasi sita tu. Nafasi ya kwanza ni R au K, yaani arginini au lisini. Ya pili ni herufi yoyote. Ya tatu, ya nne na ya tano ni P, N na S, yaani prolini, asparajini na serini, wala hapo hapana hiari. Ya sita ni A au R, yaani alanini au arginini.

Katika bakteria wa kifua kikuu kipande hicho kinaanzia nafasi ya 43 na kusomeka K-K-P-N-S-A. Katika binadamu kinasomeka K-Q-P-N-S-A. Ni vigumu kulitazama jambo hili bila mshangao: mgonjwa anayekohoa na kimelea kinachomkohoza wamerithi maandishi yaleyale kutoka kwa mzazi mmoja wa zama zisizohesabika, na kati ya herufi sita wametofautiana kwa moja tu, tena katika nafasi ambayo ruwaza yenyewe imeiachia huru.

Wafugaji watalielewa somo hili kwa wepesi kuliko wengine. Chapa ya moto iliyo kwenye paja la ng'ombe hueleza ametoka zizi la nani. Haielezi kama ana maziwa, wala kama anapiga teke akikamuliwa.

Chapa hiyo, hata hivyo, ina manufaa ambayo jina peke yake halina. Protini za E. coli zilipewa namba kwa kufuata jinsi zilivyotengana katika maabara, na protini za binadamu zilipewa namba zake kwa safari nyingine. Matokeo yake ni mtego ambao hata wasomi huunasa mguu ndani yake: protini ya binadamu iitwayo RPS12 haina undugu wowote na S12 ya bakteria. Ndugu wa kweli wa S12 katika mwili wa binadamu anaitwa RPS23. Mwanafunzi anayetafuta kwa jina atamkamata mtu siye. Anayetafuta kwa ruwaza atafika nyumba sahihi. Mwaka 2014 kundi la wanasayansi wa ribosomu lilipendekeza majina mapya ya pamoja, ambapo herufi ndogo ya mwanzo inaonyesha kama familia iko katika nasaba zote za viumbe, katika bakteria pekee, au inakosekana kwa bakteria. Kwa mpango huo S12 ya bakteria na RPS23 ya binadamu zote huitwa uS12. Mpango ni mzuri, lakini ripoti za hospitali bado zinaandika majina ya zamani, na yaelekea zitaendelea hivyo kwa muda mrefu.

Pamoja na manufaa hayo, ruwaza fupi nayo haipaswi kuaminiwa kupita kiasi. Kama herufi zote 20 zingetokea kwa usawa, ruwaza hii ya nafasi sita ingejitokeza kwa bahati tu mara moja katika kila nafasi 800,000. Namba hiyo yaonekana kubwa. Lakini bakteria wa kifua kikuu, ambaye jenomu yake ilichapishwa mwaka 1998, ana jeni zipatazo 4,000, na protini zake zikiunganishwa huzidi herufi milioni moja. Kwa hiyo si ajabu ruwaza ikatokea mahali fulani katika protini isiyo ya ukoo huu kabisa, kama vile watu wawili wasiojuana wanavyoweza kuwa na kovu mahali pamoja. Ndiyo maana mtaalamu makini haishii kwenye kipande. Hutazama urefu wa protini nzima, hulinganisha mfuatano wote kwa njia zinazopima kila nafasi kwa uzito wake, na huangalia jeni jirani. Kwa S12 kazi hiyo si ngumu, kwa kuwa familia yenyewe imehifadhiwa vizuri. Kwa familia nyingine, hasa zile zilizojulikana kwa kompyuta tu bila jaribio la maabara, kosa moja la utambuzi hunakiliwa kutoka hazina hadi hazina mpaka likaonekana kuwa ukweli kwa sababu ya wingi wake.

Turejee kwenye mstari ule wa K43R. Maana yake ni kwamba katika nafasi ya 43 lisini imeondoka na arginini imechukua mahali pake. Katika DNA ni badiliko la herufi moja: AAG imekuwa AGG. Nafasi ya 43 ndiyo nafasi ya kwanza ya ruwaza ya familia, na ruwaza, kama ilivyoelezwa, inaruhusu K au R hapo. Bakteria aliyekuwa akifa kwa streptomaisini na yule asiyeijali wote wanapita mlango uleule wa utambuzi, wakiwa na kitambulisho kilekile. Hata programu zinazokadiria madhara ya badiliko kwa kupima ufanano wa asidi amino zina sababu ya kulidharau hili, kwa maana lisini na arginini ni jamaa wa karibu: zote mbili hubeba chaji chanya, na katika majedwali ya ulinganishaji kubadilishana kwao huhesabiwa kuwa jambo la kawaida. Mbele ya kompyuta ni badiliko dogo. Mbele ya dawa ni ukuta.

Hapa pana jambo la kutafakari zaidi ya tahadhari. Ruwaza inaruhusu R katika nafasi hiyo kwa sababu familia yenyewe inaweza kuishi nayo. S12 yenye arginini hapo bado inasimamia usahihi wa usomaji wa ujumbe wa jeni, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba badiliko hili humgharimu bakteria kidogo sana, au halimgharimu kitu. Mabadiliko mengine ya S12 huleta usugu lakini humdhoofisha bakteria, naye hushindwa katika mashindano na wenzake mara dawa inapoondolewa. Badiliko la K43R halimpi adhabu hiyo. Basi haishangazi kwamba ndilo linaloonekana mara nyingi zaidi katika bakteria sugu kwa streptomaisini wanaotoka kwa wagonjwa. Uhuru ulioachwa katika ruwaza ndio upenyo ambao kimelea hutorokea. Anayesoma ruwaza kwa jicho la utambuzi tu huona herufi mbili ndani ya mabano. Anayeisoma kwa jicho la tiba huona mahali ambapo dawa inaweza kushindwa bila kimelea kupoteza chochote.

Streptomaisini yenyewe si dawa ya kusahaulika. Ilipatikana mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman huko Rutgers, Marekani, kwa mikono ya mwanafunzi wake Albert Schatz, ambaye jina lake halikuwamo katika tuzo ya Nobel aliyopewa Waksman mwaka 1952. Jaribio la Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, lililochapishwa mwaka 1948, liliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu: kati ya 55 waliopewa dawa, 4 walifariki ndani ya miezi sita, kati ya 52 waliopewa mapumziko ya kitandani peke yake, walifariki 14. Jaribio hilohilo ndilo lililoonyesha ulimwengu, kwa uchungu, kwamba dawa moja ikitumika peke yake usugu hufuata haraka. Hospitali za Afrika Mashariki zina nafasi ya heshima katika historia hii, kwa kuwa majaribio ya kufupisha tiba ya kifua kikuu hadi miezi sita, yaliyochapishwa kuanzia mwaka 1972, yalifanyika kwa wagonjwa wa eneo hili, na streptomaisini ilikuwa miongoni mwa dawa zilizotumika.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, mgonjwa ambaye kifua kikuu kilimrudia alipewa sindano za streptomaisini kwa miezi miwili pamoja na vidonge vya kawaida, mara nyingi bila kupimwa kama bakteria wake bado wanaiogopa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilishauri utaratibu huo uachwe, na badala yake kipimo cha usugu kiongoze uchaguzi wa dawa. Leo streptomaisini hubaki kuwa dawa ya akiba kwa baadhi ya wagonjwa wa kifua kikuu sugu ambao dawa nyingine zimewaishia, tena kwa sharti kwamba imethibitika bakteria wao si sugu kwayo. Mgonjwa wa namna hiyo ana njia chache. Kumchoma sindano zisizofanya kazi ni kumpa madhara matupu, na kumnyima sindano ambayo ingemfaa kwa sababu ripoti ilisomwa vibaya ni kosa lisilo dogo kuliko hilo.

Madhara hayo yanajulikana: mlio masikioni, kupungua kwa usikivu, kizunguzungu na kuyumba wakati wa kutembea. Dawa za kundi hili hazipaswi kutolewa kwa mama mjamzito, kwa kuwa zinaweza kuharibu usikivu wa mtoto aliye tumboni. Hapa tena undugu wa protini una la kusema, ingawa si lile linalotarajiwa. Ndani ya seli ya binadamu kuna ribosomu za aina mbili. Zile za kawaida, zenye RPS23 na ruwaza yake iliyotimia, streptomaisini haizidhuru. Zile za mitokondria, ambazo asili yake ni ya kibakteria, zina S12 yao wenyewe, nayo ina ruwaza ileile. Ribosomu za mitokondria huhusishwa na kudhurika kwa masikio, hasa kwa watu waliorithi kutoka kwa mama zao badiliko la A1555G katika RNA ya mitokondria, linaloifanya RNA hiyo ifanane zaidi na ya bakteria. Kwa mtu mwenye badiliko hilo, hata dozi ya kawaida ya dawa za kundi hili inaweza kumfanya kiziwi. Muuguzi anayeuliza, kabla ya sindano ya kwanza, kama kuna ndugu wa upande wa mama aliyepoteza usikivu baada ya sindano, anafanya kazi ya jenetikia bila mashine yoyote.

Alama moja basi, na hatima tatu. Bakteria wa kifua kikuu asiye sugu hufa. Ribosomu ya kawaida ya binadamu haiguswi. Ribosomu ya mitokondria iko katikati, salama kwa wengi na hatarini kwa wachache. Dawa hushikamana zaidi na RNA ya ribosomu, ikiegemea S12 kama mgeni anayeegemea mwimo wa mlango. Muundo wa sehemu ndogo ya ribosomu ikiwa imeshikana na streptomaisini ulionekana wazi mwaka 2000, kwa kazi ya kundi la Venkatraman Ramakrishnan huko Cambridge, Uingereza. Undugu wa mfuatano ulionyesha mahali pa kutazama. Haukusema kingeonekana nini.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya wataalamu wa jenomu, na kwamba tabibu wa kituo cha afya anahitaji neno moja tu: sugu au si sugu. Hoja hiyo ina uzito, na kwa K43R inatosha kabisa, kwa kuwa ushahidi wake hauna shaka. Lakini si kila badiliko lina ushahidi wa namna hiyo. Orodha ya mabadiliko ya jeni iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 huyapanga mabadiliko katika makundi kulingana na nguvu ya ushahidi, na moja ya makundi hayo ni la mabadiliko ambayo maana yake haijulikani. Ripoti inayosema tu kwamba badiliko limeonekana katika rpsL inaweza kumaanisha usugu kamili, au isimaanishe kitu. Tabibu asiyejua kuuliza ni badiliko gani, na liko kundi gani, atakuwa amepewa neno moja lisilo na maana moja.

Aidha wagonjwa wenyewe hawapaswi kudhaniwa kuwa hawawezi kuyafuata haya. Mgonjwa wa kifua kikuu sugu huishi na majibu ya maabara kwa miezi mingi; huyajua majina ya dawa zake kuliko baadhi ya wanaomhudumia. Akielezwa kwamba bakteria wake ni wa ukoo uleule ila wamebadilisha herufi moja ya mahali muhimu, ataelewa. Ataelewa pia kwa nini kipimo cha GeneXpert alichofanyiwa siku ya kwanza, kinachotazama jeni ya rpoB kwa ajili ya rifampisini, hakikusema lolote kuhusu sindano.

Ripoti inayomfaa mgonjwa wa namna hii haihitaji kurasa nyingi. Inahitaji kutaja jeni, nafasi, herufi iliyotoka na iliyoingia, na kundi la ushahidi. Inahitaji pia kutaja namba zimehesabiwaje, kwa sababu lisini ya 43 ya bakteria wa kifua kikuu ndiyo inayoitwa lisini ya 42 katika maandiko mengi ya E. coli, ambako asidi amino ya kwanza haihesabiwi. Msomaji asiyejua hilo anaweza kudhani ni mabadiliko mawili. Na inahitaji mstari mmoja zaidi ambao hukosekana kwa urahisi. Usugu kwa streptomaisini hauji kwa S12 peke yake. Unaweza kutokana na badiliko katika RNA ya 16S, au katika jeni iitwayo gidB, ambayo kwa kawaida huleta usugu wa kiwango cha chini. S12 isiyo na badiliko lolote si kibali cha kuanza sindano. Mahali penye shaka, bakteria huoteshwa maabara mbele ya dawa yenyewe ili ionekane kama wanakua au wanakufa. Majibu hayo huchukua wiki kadhaa, na katika muda huo mgonjwa anapaswa kuambiwa waziwazi kwamba swali la streptomaisini kwake bado halijajibiwa.